Chai ya Mama Mkwe, Nyuma ya Shuka

Ukijiunga na klabu yetu ya kriketi pale Kakamega, kitu cha kwanza ulichopewa hakikuwa mpira wala kibao cha kupigia. Ulipewa nyundo. Uwanja wetu haukuwa na ile nyasi laini ya kwenye televisheni. Katikati palikuwa na ukanda wa murramu, ule udongo wa changarawe, ulioshindiliwa, na kila Jumapili asubuhi tulitandaza juu yake mkeka mzito wa nyuzi za nazi, tukauvuta kwa nguvu zote na kuupigilia misumari pembeni mpaka usiwe na hata kunyanzi moja. Mkeka ukilegea, mpira ukidunda unaruka unakotaka wenyewe, na mtu anaumia. Basi mgeni alianza na nyundo, akiaminiwa akaachiwa kuvuta rola, na baada ya hapo ndipo mtu alipokumbuka kumuuliza kama anajua kucheza.

Wanaosema kriketi ni mchezo wa mabwana wasiopenda kuchafuka, waje niwaonyeshe viganja vyangu. Hata ukitolewa kwenye mchezo ulikuwa hujamaliza kazi. Ulivua pedi za kukinga miguu, ukavaa koti jeupe, ukaenda kusimama uwanjani kuwa mwamuzi wa wenzako wewe mwenyewe. Hatukuwa na waamuzi wa kukodi. Nilimwona mlinda wiketi wetu, mdakaji wa nyuma ya mpigaji, fundi cherehani kutoka Mumias, akimtoa kepteni wetu kwa kuinua kidole kimoja tu, katika mechi tuliyokuwa tunaihitaji kufa na kupona. Kepteni alikuwa Mhindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa sauti kubwa dukani. Pale uwanjani alitia kibao chake kwapani, akaondoka bila kugeuza shingo, na baadaye akampelekea fundi maji ya kunywa. Mimi, ambaye hasira zangu ziko karibu kama mate, nilitazama nikajiambia, kumbe mtu mzima anaweza kukubali hivyo. Niliwapenda watu wale tangu siku hiyo.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtoto wa Khwisero, nimeletwa kufundisha karibu na mji miaka ile ya mwanzo ya tisini. Mama yangu mzazi alikuwa amefariki nikiwa bado chuoni. Nilikuwa nakaa chumba kimoja, napika obusuma wa mtu mmoja, na ukipika ugali wa mtu mmoja utajua upweke ni nini. Mwalimu mwenzangu alinivuta klabuni kwa sababu aliniona nikifukuza mbuzi wa jirani kwa mawe na kila jiwe likifika. Wakanifundisha kurusha bila kukunja kiwiko. Mwaka haukuisha nikawa mrushaji wa kasi wa klabu.

Lakini sikurudi kila Jumapili kwa sababu ya mpira peke yake. Nilirudi pia kwa sababu ya chai ya Mama.

Mama alikuwa mjane mwenye kihoteli karibu na soko. Jumapili akitoka kanisani alikuja uwanjani na mkokoteni wa sufuria, akawasha moto kwenye banda letu la mabati, na kufikia wakati wa mapumziko kulikuwa na chai ya maziwa, mandazi, na siku za wageni, ingokho, kuku wa kwetu. Zamani wake wa wachezaji walipokezana zamu, ikawa vurugu. Yeye alishika kazi hiyo na vurugu ikaisha. Kuku walichinjwa na fundi wetu wa Mumias, ili Mwislamu asiangalie sahani yake mara mbili. Kulikuwa na sufuria iliyofungwa kitambaa chekundu kwenye mpini, ambayo haikuwahi kugusa nyama tangu ilipotoka dukani, na hiyo ilikuwa ya kepteni na ndugu zake wasiokula nyama. Siku moja kijana mmoja aliichukua achemshie mayai. Mama hakupiga kelele. Alimnyang'anya, akampa ndoo, akamwambia, "Nenda uchote maji, mwanangu, ukirudi utakuwa umepata akili."

Sheria zake zilikuwa na nguvu kuliko za kriketi. Hakuna kunywa chai ukiwa na pedi miguuni. Hakuna kukanyaga mkeka na viatu vya barabarani, kwa sababu alisema uchafu wa mkeka unaishia kwenye nguo nyeupe, na nguo nyeupe zinafuliwa na wanawake. Na timu mbili hazikai pande mbili. Mgeni hukaa katikati ya wenyeji wawili, apende asipende. Nimeona watu waliotukanana uwanjani saa nzima wakipitishiana sukari kwa aibu. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alikuwa akisema, "na wenyeji wa hapa ni wagonjwa sana, kwa hiyo kaeni karibu."

Mimi alinichokoza tangu siku ya kwanza. Aliniuliza, "Wewe hukulanga? Huko Khwisero mlifungiwa chakula?" Nikamjibu kwamba huko Khwisero mandazi hayana matundu ya hewa kama yake. Watu wakashika vinywa. Mama alicheka mpaka akashika nguzo ya banda. Toka hapo tukawa marafiki wa kweli. Nilimbebea sufuria hadi kwake, nilimwambia mambo ya shule, alinigombeza nikikosa kwenda kwenye kaburi la mama yangu wakati wa Krismasi. Kama una mama, huwezi kujua mtu asiye naye anavyosikia raha kugombezwa.

Kisha nikampenda binti yake.

Alikuwa akisomea ualimu, akaja likizo kumsaidia mama yake kumimina chai. Sitayasema mengi, mke wangu bado yuko hai na anasoma. Tulifanya mambo kwa utaratibu. Wazee wangu walitoka Khwisero, wakapokelewa, wakala, wakasikilizana. Baba mdogo wa binti, ndugu wa marehemu baba yake, ndiye aliyesimama mahali pa baba. Mwishoni akaniambia mbele ya wote, "Kuanzia leo, kijana, huyu si mama wa chai. Huyu ni mama mkwe wako. Mpeane njia."

Asiyetoka kwetu huenda asielewe uzito wa maneno hayo. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono. Hawali pamoja. Hawaangaliani usoni. Wakikutana njiani mmoja anaingia shambani mpaka mwenzake apite. Chuki haipo hapo hata kidogo, ni heshima, na kubwa kuliko zote. Nilijua hayo tangu utotoni. Nilichokuwa sijui ni kwamba siku nitakayompata mke ndiyo siku nitakayompoteza mama kwa mara ya pili.

Jumapili ya kwanza baada ya mahari nilifika uwanjani nikaona mkokoteni wake, nikageuka nikajificha nyuma ya choo. Mwanamume mzima, mrushaji wa kasi, nyuma ya choo. Yeye naye, niliambiwa, alikuwa amejifungia bandani. Kepteni akanifuata, akauliza kuna nini, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali lililokuwa tumboni mwangu tayari. "Basi nani anaondoka? Wewe au yeye?"

Nikamwambia niondoke mimi. Fundi akarudi kutoka bandani na ujumbe kwamba Mama anasema aondoke yeye. Kepteni akakasirika, tena kwa Kigujarati kwanza. Alisema klabu haiwezi kukaa bila mrushaji, na haiwezi kukaa hata nusu saa bila Mama, na kwamba kama ni suala la kutoonana, yeye ameuza mbao miaka ishirini, hashindwi na kutoonana.

Nyuma ya mrushaji, kwenye kila mwisho wa uwanja, huwa kunasimamishwa fremu kubwa yenye kitambaa cheupe, ili mpigaji auone mpira mwekundu ukija. Tulikuwa na mbili. Kepteni akatoa mbao za ya tatu, fundi akashona shuka nne zikawa moja, na tukaisimamisha bandani katikati, jiko upande huu na wachezaji upande ule. Mama alikaa nyuma ya shuka. Mimi nilikaa mbele yake. Kikombe changu kilipitia kwa fundi.

Na uwanjani nako! Kepteni aliupanga mchezo mzima kwa heshima ya mama mkwe wangu. Nisipokuwa narusha, nilisimama upande wa mbali na banda, na kila nikimaliza zamu ya kurusha nilikimbia kuvuka uwanja wote kurudi ng'ambo ile. Timu moja ya Kisumu walipouliza kwa nini mtu huyu anatangatanga, wakaelezwa, vijana wao wakaangua kicheko. Mzee mmoja wao akawakemea, akasema hata kwao mambo ni hayo hayo, na mwenye kucheka ajiulize kama ana mkwe. Hakuna aliyeniuliza tena. Najua klabu nyingi zenye vikombe kabatini. Klabu iliyokubali kucheza na pengo upande mmoja ili mwanamke mmoja asivunjiwe heshima, hiyo najua moja tu.

Mama alipata njia yake ya kusema nami. Aliongea na birika. Nyuma ya shuka ungesikia, "Wewe birika, kuna mtu leo amerusha kama amekula viazi vibichi." Au, "Birika, mwambie fulani mke wake anapenda kuletewa ndizi, si maneno." Nami nilijibu kwa kumwambia fundi, kwa sauti kubwa, kwamba birika la siku hizi lina mdomo mrefu. Fundi alikaa katikati yetu kama mkalimani asiyehitajika, akinywa chai yake. Tulikuwa tumepata chembe ya urafiki wetu. Nikadhani mambo yametulia.

Hayakutulia. Maneno yalifika kwa baba mdogo kwamba mjane wa ndugu yake anashinda Jumapili nzima kwenye uwanja mmoja na mkwewe, shuka ndiyo ukuta. Wanawake wa ukoo wakasema shuka si ukuta, upepo ukivuma je? Baba mdogo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuogopa kusemwa. Akampelekea Mama neno kwamba achague, uwanja au ukoo. Mke wangu aliniletea habari hizo usiku akilia. Mama alikuwa ameamua. Wageni wa Kisumu walikuwa wanakuja Jumapili ile, angewapikia, kisha angefunga sufuria zake na asirudi tena.

Nilikasirika nikashindwa kula. Nilijua Jumapili zilikuwa nini kwake. Siku sita alikuwa mama wa kihoteli, anaitwa kwa kupigiwa vidole. Jumapili watu wazima wenye maduka na wenye vyeti walisimama foleni mbele yake na kusema "tafadhali, Mama". Nikaapa kwamba nikimaliza mechi ile ningemwambia kepteni naondoka mimi, na liwe liwalo. Mke wangu aliniambia, "Ukiondoka wewe, Mama atasema yeye ndiye amekufukuza."

Jumapili ilifika. Mvua ya Kakamega haikosi, ikapiga kidogo wakati wa chai kisha ikaacha. Nyuma ya shuka, birika halikuambiwa chochote. Nilimrudishia fundi kikombe changu kikiwa nusu.

Baadaye nikaingia kupiga. Mkeka ulikuwa umelowa na murramu ya chini imelainika. Klabu ilikuwa na kofia moja tu ya chuma ya kujikinga, nayo haikuingia kwenye kichwa changu, kichwa cha kwetu ni kikubwa. Mrushaji wao alikuwa kijana mwenye kasi. Mpira ulidunda pale palipolainika, na badala ya kuja kiunoni ukaja usoni. Nilisikia mlio kabla ya maumivu. Kisha nikawa nimelala chali, jicho moja halioni kitu, na damu inaniingia mdomoni.

Wanaume kama ishirini walisimama kunizunguka wakitoa ushauri. Mmoja alisema niinuliwe, mwingine nilazwe, mwingine nipewe sukari. Kepteni alikimbilia pikapu yake. Fundi alikuwa amenishika mkono akisoma dua. Ndipo nikaona, kwa jicho lililobaki, wakigawanyika.

Mama alikuwa anatembea uwanjani. Hakukimbia. Alifika kwenye ukingo wa mkeka, akavua viatu vyake vya kanisani, akavishika mkononi kisha akaviweka chini, akaja pekupeku. Nikafunga jicho langu. Nikasema, "Mama, rudi. Nakuomba." Nilimaanisha hivyo. Nilikuwa naogopa aibu yake kuliko damu yangu.

"Nyamaza," akasema. Hakuliambia birika, aliniambia mimi.

Akapiga magoti, akaweka kichwa changu mapajani mwake. Akafungua kitambaa cha kichwani, akabaki kichwa wazi mbele yangu na mbele ya wanaume wote wale, nywele zake zina mvi nisizowahi kuziona, akakikunja kitambaa na kukibana kwenye jeraha kwa mikono miwili. Mikono yake ilikuwa na harufu ya moshi na iliki. Wageni wa Kisumu walivua kofia zao. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo.

Alinishika hivyo hivyo nyuma ya pikapu mpaka hospitalini, akimwambia kepteni apunguze mwendo kwenye mashimo, kisha aongeze, kisha apunguze. Pale mapokezi muuguzi alinitazama, akamtazama, akauliza, "Wewe ni nani wake?"

Nilisubiri aseme mkwe. Nilisubiri aseme jirani, au mama wa chai.

"Mimi ni mama yake," akasema. "Mshoneni."

Nililia, na sikulia kwa sindano. Muuguzi akanipa pole, akadhani ni maumivu.

Nilishonwa, jicho likapona, kovu ninalo. Jumamosi iliyofuata baba mdogo alikuja kwa Mama na wazee wawili. Mke wangu alikuwa jikoni, akasikia yote, akaniletea neno kwa neno. Baba mdogo alisema habari zimefika mpaka Butere. Alisema mwanamke wa ukoo wao ameonekana kichwa wazi, amempakata mkwewe mbele ya umati. Akamuuliza, kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya, "Shemeji, ulimgusaje yule mtoto?"

Mama alikuwa anamimina chai. Alimaliza kumimina kwanza.

"Mlitaka nimguse lini?" akauliza. "Siku ya kumzika?"

Wazee wakatazama vikombe vyao. Mmoja wao akakohoa, akasema kwamba kwa mambo ya damu huwa analetwa kondoo wa kuondoa mwiko, na kondoo akishaliwa maneno huisha, na hata kupeana njia kunaweza kulegezwa watu wakikubaliana. Mwingine akasema kondoo anatosha. Baba mdogo alikunywa chai yake yote, akasogeza kikombe aongezwe, na alipoongezwa akauliza huo mchezo wenyewe huchezwa siku gani.

"Jumapili," Mama akamjibu. "Mimi nitakuwa huko."